Kaniki Juu ya Jiwe

Kama Jumapili iliyopita gazeti halikukufikia, au lilikufikia likiwa limeshafungiwa vitumbua, usihangaike. Nipe mkono nikuvushe.

Mhina ni yule Mzigua wa Misima aliyehamia na mama yake jirani na stesheni ya Hale, enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa bado mpya na watu wakiacha majembe kwenda kuitazama ikipita. Mwaka mmoja askari wa akida walimkamata shambani akabebeshwa mizigo ya boma hadi Handeni. Alikaa huko msimu mzima. Aliporudi, alionyeshwa kaburi la mwanawe wa pekee, Sadala, aliyekufa kwa homa.

Akamwuliza mama yake, Bibi Chausiku: "Na Mwaija yuko wapi?"

Mwaija alikuwa mkewe. Mama alimshika mkono kama mtoto, akamwongoza mpaka kwenye maporomoko ya mto Ruvu, ule ambao wengine huuita Pangani, akamwonyesha kaniki ya Mwaija, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya jiwe.

"Uchungu wa mtoto ulimshinda," mama alisema. "Kajitupa."

Mwili haukuonekana. Tangu siku hiyo Mhina hakuweza kukaa mbali na maji yale. Kila siku akitoka shamba, huyo, kwenye jiwe. Watu walianza kusema kichwa chake si kizima. Kisha Wazungu wa Tanga wakaanza kuja na gari la moshi la asubuhi, wakatazama maporomoko, wakala, wakapiga picha, wakarudi Tanga jioni. Wakataka mtu wa kuwaonyesha njia. Jumbe wa kijiji hakutafuta sana. "Mchukueni yule," alisema. "Si huenda kila siku?"

Ndivyo huzuni ya Mhina ilivyogeuka kazi.

Tulimwacha pale pale, kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, na wageni wa Tanga nyuma yake. Amesimama, midomo inacheza peke yake. Na mwanamke wa Kijerumani, aliyeshuka kwenye machila ya kubebwa na watu, amemnyooshea kidole.

* * *

"Bibi anauliza unazungumza na nani," alisema Kaleb.

Kaleb alikuwa karani wa Tanga, kijana wa misheni, koti jeupe na viatu vya kufunga kamba. Alikuja kama mkalimani. Tangu asubuhi alikuwa akipangusa vumbi kwenye viatu vile.

"Sizungumzi na mtu," Mhina alijibu.

"Ameiona midomo yako."

"Mwambie ninaomba dua."

Kaleb alisema Kijerumani chake. Bibi akauliza tena. Mumewe, bwana mnene aliyekuwa akihangaika na mashine ya kupigia picha, naye akageuka kusikiliza.

"Dua ya nani?"

Mhina akamgeukia Bibi. Wageni aliowaleta pale walikuwa wengi, na wote waliuliza kina cha maji na kama mamba wapo. Dua ya nani, hakuna aliyewahi kuuliza. Na swali likikaa miaka bila kuulizwa, siku likiulizwa linafungua mlango ambao mwenye nyumba mwenyewe alikwishasahau kuwa upo.

"Ya mke wangu," alisema. "Alikufa hapa."

Bibi akakaa juu ya jiwe, akaweka mikono magotini. Alikuwa tayari kusikiliza. Mhina akaanza.

Msomaji, maporomoko yale hayakuruhusu mtu kunong'ona. Maji yalinguruma usiku na mchana, na ukitaka kusikika kwa aliye hatua mbili kutoka kwako, lazima upige kelele. Mhina, mtu aliyekuwa hajamsimulia yeyote, alilazimika kuutangaza msiba wake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

"Nilikuwa na mtoto!" alipiga kelele. "Akafa sipo! Mke wangu akamfuata! Sikumzika hata mmoja! Kwa hiyo nikija hapa ninamsalimia! Ninamwambia mvua imenyesha! Ninamwambia kaburi la mtoto nimelifyeka!"

Alipomaliza koo lilikuwa limekauka. Kaleb akawageukia Wazungu, akasema maneno mengi, mikono ikipaa.

Bibi akapiga makofi. Bwana akacheka, akasema jambo, akamwashiria Mhina apande juu ya jiwe na anyooshe mkono kuelekea majini.

"Anataka picha," Kaleb alisema. "Nyoosha mkono."

Mhina akapanda. Akanyoosha mkono. Alikuwa mtu wa kutii.

"Mbona wanacheka?" aliuliza akiwa juu kule.

"Wanasikitika. Wazungu husikitika hivyo."

"Mwongo!"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa ni yaya wao, Dorkasi, Msambaa wa Kwashemshi, mwanamke wa makamo aliyembeba mtoto wa Kizungu ubavuni. Alikuwa amelea watoto wa Kijerumani kwa miaka, na lugha yao aliijua kwa kuisikia, kama mtu anavyomjua jirani.

"Kaka, shuka hapo," alimwambia Mhina. "Shuka. Huyu amewaambia bwawani mna jini la kike, na wewe ndiye mchumba wake, na kila siku unakuja kumbembeleza akutokee. Ndiyo maana wanacheka."

Mhina alimtazama Kaleb.

Kaleb alitazama viatu vyake. "Watu wametoka Tanga kustarehe," alisema. "Niwape kilio? Wangesema karani gani huyu, ametuharibia siku."

Mhina alishuka. Hakumtukana, hakumpiga. Alikwenda kukaa mbali, chini ya mti, akawapa mgongo wote, akavuta magoti kifuani.

* * *

Wazungu walitandaza kitambaa chao wakaanza kula. Dorkasi akamlaza mtoto kivulini, akaja kwa Mhina na kipande cha mkate.

"Kula, kaka."

"Nimeshiba, dada."

"Hujala kitu tangu tushuke kwenye gari la moshi. Nimekutazama."

Aliuweka mkate juu ya jani, akakaa. Hakuondoka. Mhina aliona anazungusha jambo mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba kwenye tonge la samaki.

"Mkeo alikuwa mtu wa wapi?"

"Kwaluguru."

"Alikuwa na kovu la moto? Hapa?" Dorkasi alijigusa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko.

Mhina akainua kichwa. "Sufuria la uji lilimmwagikia akiwa msichana. Nani amekwambia?"

Dorkasi alifumba macho, akasema maneno ya sala kwa Kishambaa, kisha akafumbua.

"Kaka yangu, nitakuuliza jambo moja, na kama nimekosea Mungu anisamehe kwa kutonesha kidonda chako. Mtoto wenu. Hukulitaja jina lake. Aliitwa Sadala?"

Ngurumo ya maji iliendelea vile vile, lakini Mhina aliapa baadaye kwamba pale alisikia kimya.

"Ulimjua wapi mke wangu?"

"Ninamjua," Dorkasi alisema. "Sikumjua zamani. Ninamjua sasa. Tunapika naye jiko moja, Tanga. Sisi tunamwita Rehani. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akanieleza habari za mtoto wake Sadala aliyemzika, akalia mpaka mchele ukalowa. Habari za mume hakusema hata neno."

"Mke wangu amekufa."

"Kaka..."

"Kaniki yake niliishika kwa mikono hii!"

"Kaniki si mtu," Dorkasi alisema taratibu. "Leo asubuhi tumekuja naye. Yuko stesheni, analinda vyombo na makapu. Bibi alimwambia twende wote, akasema huko kwenye maji mguu wake hauendi, hata akifukuzwa kazi."

Mhina alisimama.

"Yuko Hale? Saa hizi?"

"Saa hizi. Na liko jambo jingine..." Dorkasi alianza, kisha akajizuia. "La. Hilo atakwambia mwenyewe. Si langu."

Mhina hakulisikia. Alikwisha kuanza kukimbia.

"Wewe! Unakwenda wapi?" Kaleb alimrukia njiani, akamshika mkono. "Wageni bado wanakula! Ukiwaacha hapa, Bwana atapeleka habari kwa akida, utakula viboko khamsa ishirini!"

"Wabeba machila wanaijua njia."

"Utachapwa, Mhina! Kwa jini la uongo?"

Mhina alimtazama usoni, mkono ungali umeshikwa. "Mke wangu yuko stesheni," alisema.

Vidole vya Kaleb vikalegea kimoja kimoja.

"Kimbia," alisema.

* * *

Alikimbia kwenye njia ya miguu, akapita mashamba mapya ya mkonge, vibarua wakainua vichwa wakidhani amefumaniwa ama amefiwa. Alianguka kwenye kijito, akainuka. Kichwani mwake hamkuwa na furaha, msomaji asinielewe vibaya. Mtu uliyemlilia kama maiti akitajwa kuwa hai, kwanza unaogopa.

Alipofika stesheni alipunguza mwendo.

Mwanamke alikuwa amekaa ukumbini, kampa mgongo, anapangusa sahani na kuzifunga kwenye kitambaa moja baada ya nyingine. Amevaa kanga za mjini. Amenenepa kidogo. Lakini mtu hubadili nguo na jina, shingo habadili.

Mhina alitaka kuita "Mwaija". Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mama Sadala."

Mikono ikasimama. Sahani ikabaki nusu imepanguswa.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," mwanamke alisema bila kugeuka.

"Mama Sadala, ni mimi."

"Ninajua ni wewe. Nilimwambia Bibi leo tumbo linaniuma, hakukubali." Akaiweka sahani chini polepole. "Nilipoona tunashuka Hale nikajifunika uso, nikasema Mungu ameamua."

Kisha akageuka, na alikuwa ni yeye.

Mhina alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya askari wa stesheni.

"Wewe ni mzima," alisema. "Wewe ni mzima."

"Ulitaka niwe nini?"

"Nimekusomea khitma, Mwaija. Kila mwaka. Watu wanakuja, wanakula, wanakuombea."

"Nani hupika?"

"Mama."

Mwaija akacheka kicheko kikavu. "Mama yako ananipikia khitma! Anajua kupika. Hilo sitamnyima."

Maneno yale yakakata machozi ya Mhina. Hasira ikaja, na hasira ilikuwa nafuu kuliko kile kingine.

"Kwa nini?" alisema. "Kama ulinichoka ungesema! Ungerudi kwenu Kwaluguru, wazee wangekaa, tungeachana kama watu wanavyoachana. Wewe umeniachia kaniki juu ya jiwe! Nimelilia kitambaa, Mwaija! Nimezungumza na maji mpaka watu wananiita mwenda wazimu, na wewe uko Tanga unapika!"

Mwaija alisimama. Alimtazama bila kupepesa.

"Wewe ndiye wa kuniuliza kwa nini?" alisema. "Wewe uliyetoa neno ninywe mwavi?"

"Mwavi?"

"Usinifanyie hivyo, Baba Sadala. Usijifanye hujui."

"Mwavi gani?"

Alimtazama sana. Kisha akaeleza, na alieleza haraka haraka, kama mtu anayetapika alichokaa nacho tumboni miaka.

"Sadala alipokufa, mama yako alikwenda kwa mganga. Akarudi na jibu. Mtoto ameliwa, na aliyemla ndiye aliyemzaa. Nikasema subirini mume wangu arudi. Mama yako akasema, nimemtuma mtu Handeni, atakuja na neno la mumeo. Jioni moja akaniambia mtu amerudi. Akasema umesema hivi: Anywe. Kama ni safi atatapika. Kama hakutapika, mzikeni mbali na mtoto wangu."

Mhina alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa tu.

"Nilimwona mtu akipewa kikombe kile nikiwa mtoto," Mwaija aliendelea. "Shangazi yangu. Hakutapika. Na hakuwa mchawi, Baba Sadala, alikuwa mtu wa kunisuka nywele. Kwa hiyo alfajiri ile nikaenda mtoni, nikakunja kaniki, nikaiacha jiweni. Nikasema acha wafurahi mchawi amekufa, wasinitafute. Nikafuata reli mpaka Tanga."

"Hakuja mtu," Mhina alisema.

"Nini?"

"Handeni. Hakuja mtu kwangu. Hakuja hata mmoja. Wallahi, Mwaija. Sikujua hata kama mtoto anaumwa! Nilirudi na asali ya Sadala kwenye kibuyu. Nilikuwa nimekwisha mwita mlangoni. Ndipo nikaonyeshwa kaburi."

Mwaija akamtazama machoni.

"Apa tena."

"Wallahi."

Akakaa juu ya kapu. Akajifunika uso kwa ncha ya kanga, na mabega yakaanza kutikisika.

"Basi nimekuchukia bure," alisema ndani ya kanga. "Miaka yote. Nikila ninakuchukia, nikilala ninakuchukia. Chuki ile ndiyo iliyonisimamisha, Mhina. Sasa nisimame na nini?"

Mhina akachutama mbele yake. Hakujua kama anaruhusiwa kumgusa. Alishika pindo la kanga, basi.

"Rudi nyumbani," alisema.

"Nyumbani kwa nani? Kwa aliyenichanganyia kikombe?"

"Tutahama. Tutakwenda Misima. Tutakwenda Kwaluguru kwenu. Popote utakaposema." Akaliachia pindo la kanga. "Au una mume?"

"Sina mume."

"Basi nini kinakuzuia?"

Mwaija aliinua uso, akatazama reli inakokwenda Tanga.

"Kuna kinachonisubiri," alisema.

"Kazi?"

Hakujibu. Mhina alidhani amejibiwa.

* * *

Wageni walifika wakiwa wamejaa vumbi, Bwana mbele, amevimba kwa hasira. Alimwona Mhina amechutama karibu na vyombo vyake, akaanza kubwata. Alibwata kwa muda mrefu, akipiga hewa kwa fimbo yake. Askari wa stesheni akasogea, tayari kwa amri.

Kaleb akaingia kati. Alisema maneno machache ya Kijerumani kwa upole. Bwana akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaenda zake. Askari akarudi nyuma.

"Anasema usiwaongoze tena wageni," Kaleb alimwambia Mhina. "Na mengine alisema. Hayo nimebaki nayo mimi."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ukweli. Kwamba umemkuta mkeo aliyekufa." Kaleb alikohoa. "Safari hii hakucheka."

Dorkasi naye alikwenda moja kwa moja kwa Mwaija. Mhina alimsikia akiuliza kwa sauti ya chini: "Umemwambia?"

Mwaija akatikisa kichwa.

Gari la moshi la kutoka Korogwe likaingia likihema. Watu wakaanza kupakia makapu. Mwaija alipanda behewa la nyuma la watu weusi, na Mhina akashika chuma cha mlango.

"Ninakuja nawe."

"Hapana."

"Mwaija, sina kazi tena. Sina kitu hapa."

"Una mama." Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Mhina. "Nisikilize. Nenda kwake kwanza. Mwulize. Usimpigie kelele, mwulize kama mtoto anavyomwuliza mama yake. Akikwambia ukweli, njoo Tanga, uliza nyumba anayofanya kazi Dorkasi, watu watakuonyesha. Lakini akikudanganya, nawe ukamwamini kwa sababu ni mama yako..." Aliubandua mkono wa Mhina kwenye chuma, kidole kwa kidole, bila ukali. "Basi niache niendelee kufa."

Filimbi ikapigwa. Mhina alikimbia sambamba na behewa akipiga kelele kwamba atakuja, atakuja, lakini sauti yake siku ile ilikuwa imekwisha kutumika kwenye maporomoko. Ilitoka kama ya jogoo mgonjwa, na sijui kama alimsikia.

* * *

Kutoka stesheni hadi kwake hapakuwa mbali, lakini Mhina alikwenda kama aliyebeba mzigo wa boma.

Mama ndiye aliyembeba mgongoni mwaka wa njaa kutoka Misima, baba akiwa amefia njiani. Mama ndiye aliyelala njaa ili yeye apate ukoko. Hakuwa na mtoto mwingine, na Mhina hakuwa na mzazi mwingine. Mkewe alipopotea, ni mama aliyemkalisha na kumlisha kwa mkono. Mkono huo huo.

Akaanza kufikiri. Labda mama alimtuma mtu kweli, na mtu yule akaishia kwenye pombe njiani, akabuni jibu. Ndiyo. Ilikuwa hivyo. Au mganga ndiye aliyesema neno limetoka kwa Mhina, na mama akaamini, mwanamke mzee, mjukuu amemfia mikononi. Inawezekana. Mbona inawezekana kabisa.

Alipofika kwenye mgomba wa mwisho alisimama, kwa kuwa alijigundua. Alikuwa anamtafutia mama yake uongo. Alikuwa anautengeneza mwenyewe, anaulainisha, ili mama akiusema tu aumeze.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Usambara. Bibi Chausiku alikuwa mlangoni na ungo wa kunde mapajani, anatoa zilizotobolewa na wadudu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechafuka hivyo? Umeanguka?"

"Nimeanguka."

"Pole. Maji ya kuoga yako motoni."

Mhina hakusogea. "Mama, nilipokuwa Handeni," alisema, na aliisema kama alivyoagizwa, bila kelele. "Sadala alipokufa. Ulimtuma mtu kwangu?"

Vidole vya mama viliendelea kidogo kwenye kunde, kwa mazoea tu. Kisha vikaacha.

Alikaa vile, kichwa kimeinama juu ya ungo. Mhina alimwona anavyokuwa mzee pale pale mbele yake. Akamwomba Mungu kimoyomoyo: aseme ndiyo. Aseme alimtuma mtu. Aseme jina lolote.

"Umemwona," mama alisema.

Halikuwa swali.

"Nani, mama?"

"Mhina, mimi ndiye niliyekuzaa, nikikutazama uso ninajua umetoka kwa nani." Sauti yake ilikuwa ndogo, imechoka, haina vita. "Mimi mwenyewe nilimwona Tanga, mwaka ule nilipokwenda kwenye msiba wa binamu yangu. Sokoni. Tulitazamana. Hatukusalimiana."

Mhina alijishika kwenye mwimo wa mlango.

"Ulijua yuko hai," alisema. "Na ukanipikia khitma."

Mama aliusogeza ungo pembeni, kunde zikamwagika, asiziokote. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na kitu ambacho Mhina hakukitegemea. Yalikuwa na njaa, kama ya mtu anayeomba.

"Alikuja naye?" aliuliza.

"Naye nani?"

"Mtoto. Siku ile sokoni alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa atakuwa anakimbia. Alikuja naye?"

"Mtoto gani, mama?"

Bibi Chausiku akautazama uso wa mwanawe, akaelewa kwamba Mwaija hakusema. Mikono yake ikaanza kupapasa chini, ikitafuta kunde ambazo hakuwa akiziona.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Kaa chini."

Mhina hakukaa.